Mashine Chini ya Kitanda cha Mama

Niiwashe, au nisiiwashe? Swali hilo lilininyima usingizi msimu mzima wa mvua. Niliamka nalo, nikapiga mswaki nalo, nikaenda nalo Kimbo, ambako namsaidia Anko Kimani katika saiba yake, duka la intaneti, huku nikituma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi. Nikiiwasha nikute imekufa, nitakuwa nimemnyang'anya Mama maneno mawili ambayo yamemshikilia miaka yote hii: yuko mle. Nisipoiwasha, macho yake yataisha kabla hajamwona mwanawe. Mimi ni mtu wa kufikiria kitu mpaka kinachakaa, na hiki nilikifikiria mpaka nikaanza kuogopa hata kupita karibu na kitanda chake.

Mashine yenyewe ni kompyuta kuukuu, lile sanduku lake tunaloliita CPU, lililokuwa jeupe na sasa lina rangi ya meno ya mvuta sigara. Limefungwa kwa leso na kusukumwa chini ya kitanda cha Mama hapa nyumbani Gitothua. Tumehama nalo nyumba baada ya nyumba. Tuliacha kabati, tukaacha viti, safari moja tukaacha hata godoro, lakini sanduku hilo halijawahi kuachwa. Mama hulibeba mwenyewe, mbele, kama mtu abebaye mtoto aliyelala.

Swali lilianza siku daktari wa macho alipomwambia Mama kwamba presha ya macho imeshakula pembeni na sasa inaelekea katikati. Mama alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi:

"Shiru, wewe si ulisomea hizi vitu? Nitolee Ndung'u nimwone kabla giza haijaingia."

Nilipiga magoti, nikalivuta, nikafungua leso. Harufu ikanipanda puani: vumbi lililowahi kupata moto, plastiki, na chuma kilicholowa. Kwa muda sikuwa tena msichana mwenye digrii. Nilikuwa mtoto wa miguu isiyofika chini, nimekaa kwenye stuli huko Thika, na mikono yangu nimeikalia.

Mama alikuwa akichapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba vyenye picha ya marehemu. Duka letu lilikuwa chumba kimoja kando ya njia iendayo mochari, na sijui kama kuna mtoto aliyeona nyuso nyingi za wafu kwa amani kama nilivyoziona mimi. Watu walifika kwa miguu kutoka Kiandutu, wengine kutoka mashambani, wakiwa wameshika picha yoyote iliyopatikana: kitambulisho, picha ya harusi ya mtu mwingine, picha ya darasa ambayo marehemu ni kichwa kimoja katika safu ya nyuma. Mama aliilaza kwenye skana, mwanga ukapita chini yake, na sura ikatokea kwenye kioo. Akamkata kutoka miongoni mwa wenzake, akamwekea mawingu ya buluu nyuma. Mawingu yalikuwa yale yale kwa kila mtu.

Wateja walilia, lakini walichekesha pia. Namkumbuka mama mmoja aliyeinama juu ya bega la Mama akisema, "Mama Shiru, hebu mpunguzie makunyanzi kidogo. Huyu mzee alikuwa anajipenda sana." Na mwanawe akadakia kutoka mlangoni, "Mwongezee na nywele basi, si mbinguni ziko?" Wakacheka mpaka mama yule akashika meza, halafu kicheko kikageuka kilio, na Mama akamwekea stuli.

Mimi nilitazama haya yote na nikayaelewa kwa namna yangu. Watu waliingia bila mtu wao, wakilia. Mashine ikanguruma. Kesho yake waliondoka naye, akiwa juu ya karatasi, akitabasamu ndani ya mawingu, na walikuwa wametulia. Kwa hiyo mtu akifa, anaingia kwenye mashine ya Mama, anakaa humo hadi watu wake waje kumchukua. Hakuna aliyeniambia hivyo. Hakuna pia aliyeniambia vinginevyo, maana hakuna aliyejua kuwa nahitaji kuambiwa.

Ndung'u alikuwa mdogo wangu. Baba alikuwa ameondoka kabla hajazaliwa, na sina zaidi la kusema juu ya Baba. Ndung'u alishinda na sisi dukani, akilala mchana ndani ya katoni ya karatasi chini ya meza, pale joto la mashine lilipotokea. Alikuwa pia kipimo cha Mama. Kabla ya kupiga picha za pasipoti, Mama alimsimamisha mbele ya pazia jeupe ajaribu mwanga wa kamera. "Simama kama askari," alimwambia, naye akasimama kama mtu anayekaribia kuanguka. Picha zake zilikuwa nyingi, zote ndani ya mashine. Hakuna hata moja iliyochapwa. Karatasi ya picha ilikuwa ya wateja. "Zetu tutatoa kukiwa na nafasi," Mama alisema, na nadhani kila mwenye duka la picha amewahi kusema hivyo.

Kifua kilimbana wakati wa baridi. Alipelekwa hospitali akiwa begani mwa Mama, na Mama akarudi na blanketi tu.

Siku iliyofuata kurudi kwake, alifungua duka. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini: hakutaka mkono mwingine umkate Ndung'u na kumwekea mawingu. Lakini mashine haikutaka kushirikiana. Ilikuwa nzito kwa majuma kadhaa, ikifungua picha moja kwa muda wa kupika chai, na ilikuwa na sauti. Tik, tik, tik, kimya, tik. Kama ukucha unaogonga jino. Mimi niliamini kwamba ni watu wa ndani wanabisha.

Anko Kimani, ndugu mdogo wa Mama, alikuwa ametoka tu kumaliza kozi ya kompyuta, na alikuwa ndiye fundi wa ukoo. Alikuja mbio, akakaa, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa kama daktari.

"Hii kitu imetawanya mafaili kila mahali, ndiyo inachoka kuyatafuta. Tuipange kwanza. Tukiipanga itakimbia."

"Na hiyo sauti?" Mama aliuliza.

"Uzee tu. Hata wewe magoti yanalia na bado unapanda ngazi."

"Kimani, picha za mtoto ziko humo."

"Hazitaguswa, dada. Ni kama kupanga vyombo kwa kabati. Kikombe kinabaki kikombe."

Leo najua alichopaswa kufanya. Diski inayogonga haipangwi. Kupanga kunailazimisha kusoma kila kipande na kukiandika upya mahali pengine, kutwa nzima, nayo tayari inahema. Kwanza unatoa nakala ya kile usichoweza kukipoteza, kisha unaiacha ipumzike. Kwenye droo ya meza ile ile kulikuwa na sidii tupu, zikiwa bado na nailoni yake. Hakuna aliyezifikiria. Kozi ya Anko ilikuwa imemfundisha kupanga, haikumfundisha kuogopa.

Kioo kikajaa viboksi vidogo, safu baada ya safu, vyeupe, vyekundu, vya buluu. Anko akaniita.

"Shiru, keti hapa. Usiguse mausi, usiguse meza. Ikisumbuliwa inaanza upya. Sawa?"

Nikapanda stuli, nikakalia mikono yangu isinisaliti. Na nilipotazama vile viboksi, niliviona ni nini. Nilikuwa nimewahi kupelekwa makaburini. Nilijua safu zile. Walikuwa ni wale watu wote wa Mama, kila mmoja kwenye chumba chake, na sasa walikuwa wanasogezwa. Kiboksi kimoja kinafifia hapa, kinawaka kule juu, na wengine wanajibana. Wanampisha Ndung'u, nikawaza. Wanamtafutia nafasi, naye akishapangwa vizuri, Mama atamtoa, kama anavyowatoa wengine wote. Kazi yangu ilikuwa kutotingisha. Nilipumua kwa pua. Nzi alitua kwenye goti langu, nikamwacha atembee.

Mvua ilianza kwa kishindo juu ya mabati. Mama alinyanyua macho kwenye taa, kama sote tulivyozoea kufanya mvua ikianza. Tulikuwa na UPS chini ya meza, kile kisanduku cha kushika umeme stima ikipotea. Betri yake ilikuwa imekufa zamani. Tuliiacha pale kwa sababu ilikuwa na soketi nyingi, na kwa sababu taa yake ya kijani bado iliwaka, na taa ya kijani inatuliza.

Stima ilipotea. Kioo kikajikunja kuwa nukta, na nukta ikazima. Kitu cha mwisho nilichoona ni kiboksi kimoja kilichokuwa kimeondoka mahali pake na hakijafika kwingine.

Hakuna aliyepiga kelele. Anko alisema tu, "Ngai," polepole, akimwita Mungu kwa Kikuyu, na Mama akasema, "Itarudi." Mama Zuhura, jirani yetu aliyeuza chai na mahamri mlango wa pili, akaja na taa ya chemli akanishika mkono. Nilikataa kushuka kwenye stuli. Nilimwambia sijamaliza.

Stima iliporudi, mashine ilifunguka kwenye kioo cha buluu kilichouliza maswali. Kuna makosa hapa, je, yarekebishwe? Anko akabonyeza ndiyo. Kuna vipande vilivyopotea, je, vigeuzwe mafaili? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nani angesema hapana? Chombo kinakuuliza kama unataka kupona, unasema ndiyo. Imenichukua miaka ya kusoma kujua kwamba chombo kile hakijui picha ni ya nani, wala hakijali. Kinachotaka ni hesabu zake zikubaliane. Kipande kisicho na mwenyewe kinakatwa kutoka kilipokuwa na kupewa namba kama maiti isiyotambuliwa, na mwisho wake chombo kinatangaza kwamba kila kitu kiko sawa.

Tik, tik, tik. Kisha kioo cheusi, na haikufunguka tena.

Mama alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono yote miwili. Mama Zuhura alimwekea kikombe cha chai mbele yake.

"Mama Shiru, mwenzangu," alisema, "sisi kwetu mtoto angekuwa amezikwa siku ile ile, na picha hatuweki. Tunamwombea tu. Sura yake Mungu anaijua."

"Mungu anaijua," Mama akasema. "Na mimi je?"

Mama Zuhura alikaa pale hadi chai ikapoa, na alipoondoka alikuwa amefunika mashine kwa leso yake mwenyewe. Ndiyo hiyo hiyo iliyoifunga mpaka leo.

Programu ya Ndung'u ilichapwa duka la mtu mwingine, huko mjini. Mahali palipokosa picha, wachapaji wa wakati ule waliweka waridi au mshumaa. Mchapaji aliuliza ni kipi, Mama akasema hakuna. "Acha boksi. Usiweke ua. Mtoto wangu hakuwa ua." Basi ikatoka hivyo: jina lake juu, mstari mweusi wa pembe nne, na ndani yake weupe. Pale kaburini watu waliigeuza nyuma na mbele. Nyuma yetu mwanamume mmoja akanong'ona, "Wamesahau picha," na mgongo wa Mama ukakakamaa, lakini hakugeuka.

Mimi sikulia. Nilijua kitu ambacho wakubwa hawakujua: hakuwa ndani ya lile shimo. Alikuwa amekwama kwenye mashine, kati ya mahali na mahali, na angeweza kutoka ikiwa tu tungekaa bila kutingisha. Nilikaa bila kutingisha kwa muda mrefu sana. Kanisani, darasani, kwenye chakula. Mwalimu alimwambia Mama nina adabu ya kipekee. Sikumbuki siku niliyoacha kuamini. Nadhani imani iliondoka na utulivu ukabaki. Hata leo nikingojea majibu ya kitu chochote, najikuta nimekalia mikono.

Sasa mvua zilikuwa zimekwisha, nami nilikuwa na mashine sebuleni na Anko Kimani akiwa amesimama juu yangu, nywele zake zimeanza mvi.

"Tuitoe diski, tuichomeke kwa kompyuta yangu pale Kimbo," alisema. "Itaikagua yenyewe na kuirekebisha. Siku hizi hizo programu zimekuwa kali, si kama zamani."

"Hapana, Anko."

"Shiru, msimu mzima umeisha ukifikiria. Fikira haiwezi kufungua picha."

"Ikirekebisha, inaandika. Ikiandika, inaweza kuandika juu yake."

Aliangalia leso sakafuni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unafikiri sijui? Nilibonyeza yes kama mtu anakula njugu." Akatoka nje akasimama karibu na kamba ya nguo.

Nikamwendea Mama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanitoka machache. Nilimwambia kwamba sitarekebisha chochote. Nitaisoma tu, kipande kwa kipande, na kila ninachosoma nitakiweka kwenye diski nyingine mpya. Nitakachojaribu, nitakijaribu kwenye nakala. Nikamwambia pia kwamba inaweza kufia mikononi mwangu kabla haijatoa kitu.

"Na nisipokuruhusu?" aliuliza.

"Itakufa huko chini ya kitanda, Mama. Polepole."

Alinyoosha mkono akaipapasa, akaikosa, akaipata. "Basi iguse," akasema.

Tulifanya Jumapili mchana, saiba ikiwa imefungwa. Nilitumia laptopu iliyojaa chaji, ili stima ya Kimbo ifanye itakavyo. Nilifunga diski kwenye adapta, nikailaza juu ya taulo, nikaielekezea feni. Laptopu iliuliza kama iikague na kurekebisha makosa. Nikabonyeza hapana. Ikauliza tena. Hapana. Nikaianzisha programu ya kunakili, na kwenye kioo vikatokea viboksi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Vya kijani vilivyosomeka, vyekundu vilivyoshindikana, safu baada ya safu. Mama alikaa upande wangu wa kulia, Anko nyuma. Ilipogonga, sote watatu tulishtuka pamoja.

Ilisoma, ikasita, ikasoma. Vyekundu vikaongezeka. Mwishowe ikagonga mfululizo, ikatoa mlio mwembamba, ikanyamaza, na hiyo ilikuwa ndiyo sauti yake ya mwisho. Lakini kilichokuwa kimesomwa kilikuwa upande wa pili, salama.

Kwenye nakala nilipekua siku kadhaa. Nilipata mawingu ya buluu, mengi. Nilipata mzee asiye na makunyanzi. Nilipata vipande vyenye namba badala ya majina, vingi vikiwa takataka, na ndani ya kimoja nikapata pazia jeupe na nywele za mtoto. Chini ya nywele, paji la uso. Chini ya paji, macho mawili yakiangalia juu kidogo, kwa mtu anayemwambia asimame kama askari. Kisha pua, nusu yake. Kisha kijivu hadi mwisho.

Hakukuwa na nyingine. Nilitafuta hadi Anko akaniwekea mkono begani.

"Usilie. Kuna app, nakuonyesha," alisema, akitoa simu. Aliongea kwa kunong'ona ingawa Mama alikuwa nje akipunga upepo. "Unaipatia hiyo nusu, inamalizia sura yote. Mdomo, kidevu, sweta. Dada na macho yake yale, hawezi kujua. Mpe mtoto mzima, Shiru. Hata mimi nipumue."

Mimi, ninayeweza kufikiria wiki nzima kama niandike "Mpendwa" au "Kwa" kwenye barua ya maombi, sikufikiria.

"Hapana, Anko. Hiyo ndiyo ile yes tuliyobonyeza mara ya kwanza."

Nikaweka karatasi ya picha kwenye printa, ile nzuri ya wateja, nikatoa picha ilivyo, na kijivu chake. Mama aliingia aliposikia printa. Aliishika karibu sana, mpaka pua yake ikagusa karatasi, akaisogeza polepole mbele ya kile kidirisha kidogo cha kuona alichobakiwa nacho: nywele, paji, jicho, jicho jingine. Alikaa hapo kwenye macho kwa muda mrefu. Kisha akashuka, akafika kwenye kijivu, akasimama.

"Mdomo haukutoka?"

"Haukutoka, Mama."

Aliweka kidole juu ya kijivu. "Alikuwa anaupinda huku," akasema, "upande wa kushoto, akitaka kucheka na nimemkataza." Sikuwa nikilijua hilo. Anko alikuwa amegeukia ukuta.

Mama akatoa kwenye mkoba programu ya zamani ya mazishi ya Ndung'u, imekunjwa hadi mikunjo imekuwa kama kitambaa. Nikachukua mkasi, nikaikata picha kwa kipimo cha boksi pamoja na kijivu, nikapaka gundi, nikaibandika ndani ya ule mstari mweusi, nikaibonyeza kwa kiganja hadi ikashika.